Mchapaji si Mchapishaji: Kwa Wenzangu Watatu Wenye Miswada

Kila mmoja wenu amenipigia kwa wakati wake, na wote mmeanza na swali moja: "Kuchapa kitabu ni shilingi ngapi?" Shoga ana daftari lake la mapishi ya Tanga, kaka ana maandishi ya ufugaji nyuki, mwalimu ana riwaya inayolala kabatini mwaka wa sita huu. Nimechoka kusema maneno yale yale mara tatu huku mguu uko kwenye cherehani, kwa hiyo Jumapili hii nimefunga kibanda nikaandika yote. Mpeane.

Mnajua mimi ni fundi wa nguo, wala sijawahi kujiita mwandishi. Kitabu changu cha kukata na kushona nimekichapa mara mbili, mara ya kwanza kwa hasara, mara ya pili kwa adabu. Ninachowapa hapa ni ile adabu.

Tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mchapaji ni mwenye mashine. Mchapishaji ni yule anayeamua kitabu kitoke, anayegharimia, anayetafuta mhariri, anayekifikisha kwa msomaji, na hasara ikija ndiye anayeibeba. Siku unapomlipa mchapaji kwa fedha yako mwenyewe, umekuwa mchapishaji, upende usipende. Kule kiwandani hakuna mtu atakayekuuliza kama sura ya tatu inaeleweka. Watachukua faili lako na kuliweka kwenye karatasi. Ukiwapa upuuzi, watauchapa vizuri sana.

Kola ya mdoli

Kitabu changu nilikiandika kwenye karatasi za A4 kwa sababu ndivyo kompyuta ya steshenari ilivyofunguka. Sura ya gauni la mtoto niliweka kola ya umri wa miaka mitatu kwa ukubwa wake halisi, ili fundi anayejifunza aweke karatasi nyembamba juu yake na kuinakili. Pembeni nikachora rula ya inchi 4 kwa ajili ya kuhakikisha.

Kiwandani, Dar, kijana wa mapokezi akaniuliza, "Mama, tunatoa A5?" Nikajibu ndiyo. Nilitaka kitabu kinachoingia kwenye mkoba. Akabofya, ukurasa ukapungua, ukakaa vizuri kwenye kioo cha kompyuta, nikafurahi. Nikalipa nusu ya fedha, nikarudi Morogoro kusubiri.

Sasa sikilizeni. A4 ukiishusha iwe A5, kila urefu hubaki karibu asilimia 71 ya ule wa mwanzo. Rula yangu ya inchi 4 ikawa haifiki inchi 3. Kola ikawa ya mdoli. Na mimi, fundi wa miaka ishirini na mbili, sikuchukua tepu kupima. Nililijua kosa pale mteja wa kwanza, mama mmoja wa Kihonda, alipokuja na gauni la mwanawe, kola imekaa shingoni kama kizibo cha chupa. Nakala 300 zilikuwa tayari sebuleni kwangu.

Tulikesha na binti yangu kuchomeka kikaratasi cha masahihisho ndani ya kila nakala: "Ukurasa wa 61 upige fotokopi kwa asilimia 141 kabla ya kunakili." Asilimia 141 ndiyo inayoirudisha A5 kuwa A4, mashine nyingi za fotokopi zinayo. Wateja walinivumilia. Lakini ukiuza kitabu kisha unamwambia mtu aende steshenari akakimalizie, unaona aibu hata kupokea ile noti.

Kwa hiyo amueni ukubwa wa kitabu kabla ya kupanga ukurasa hata mmoja. A5 ni milimita 148 kwa 210. Riwaya inaipenda. Mapishi yenye picha yanataka nafasi zaidi. Kitabu cha kazi ya mikono, kama changu, kinataka kulala wazi mezani, na hilo nalo nilijifunza kwa maumivu: mafundi walikuwa wanakilaza kitabu changu na kukikandamiza kwa mkasi au pasi ili kisijifunge, na gundi ya mgongo ikawa inaachia. Chapa ya pili nimetumia A4 na waya wa kuzunguka, kama daftari la kuchorea. Hakipendezi kwenye rafu, ila mezani hakina mpinzani.

Mpe mtu atende

Kabla ya mhariri, kabla ya kiwanda, tafuteni mtu wa kukijaribu kitabu. Usimpe asome na kukuambia "kizuri." Ndugu zako wote watasema kizuri.

Nilimwita binti mmoja kati ya wanafunzi wangu, wiki ya pili tangu aanze. Nikampa kitambaa cha yadi moja na nusu, mkasi, chaki, tepu, na sura ya sketi. Nikajiapiza kutofungua mdomo. Sura ilianza hivi: "Kunja kitambaa mara mbili, tandaza mezani." Binti akakikunja. Akakitazama. Akasoma tena, akakikunja mara nyingine. Safu nne. Mimi nilikusudia akikunje katikati, safu mbili tu. Nikauma ulimi. Akapima, akachora, akakata kwa makini kabisa, na alipokifungua kilikuwa na vipande ambavyo hata mimi sikuvitambua. Akaniangalia kwa hofu, akidhani ameharibu.

Hakuharibu kitu. Niliandika mara mbili, naye alikunja mara mbili. Sentensi ile ilikuwa imepita mbele ya macho yangu labda mara hamsini, na kila mara kichwa changu kilikuwa kinaisoma "katikati," kwa sababu mikono yangu tayari inajua.

Shoga, hili ndilo litakalokumaliza wewe kuliko wote. "Chumvi kiasi" ni kiasi gani? "Kikombe" ni kipi, kile cha chai ya asubuhi au bilauri? Mwite mtu asiyejua kupika, mkabidhi jiko, wewe kaa ukumbini. Kaka, mpe mtu ambaye hajawahi kufungua mzinga, naye avae kinga, usije ukaniletea kesi. Mwalimu, riwaya haipikwi, lakini nayo ina kipimo chake: mpe mtu asiyekudai wala usiyemdai, umwombe apige mstari kwa penseli kila mahali aliposhika simu. Akirudisha, usimhoji kwa nini. Hesabu mistari.

Mhariri anakuja baada ya hapo. Wangu alikuwa mwangalifu na Kiswahili chake kilinyooka, ila hakuwahi kushona. Alinibadilishia "lastiki" kila mahali ikawa "mpira," nikajikuta namwambia msomaji aingize mpira kiunoni. Tulicheka, lakini ilitugharimu wiki. Mpeni mhariri wenu karatasi ya maneno ya kazi yenu ambayo hayaguswi. Kaka una mengi ya hayo.

Na prufu, yaani nakala za kusahihisha kabla ya kuchapa, zisomwe kwenye karatasi, msisomee kwenye simu. Mimi husoma mara tatu: mara moja maneno, mara moja vichwa na namba za kurasa, na mara moja tarakimu peke yake, maneno nayaruka kabisa. Kwenye vitabu vyenu viwili vya vipimo, tarakimu moja iliyohama inatosha kumharibia mtu chakula au mzinga.

Namba na haki

Hapa sitakaa sana. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ile yenye Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Ina tarakimu 13. Yetu nyingi mtaziona zikianza na 978 9976 au 978 9987. Ukichapa tena kitabu kile kile bila mabadiliko, namba haibadiliki. Ukibadilisha umbo au ukitoa toleo jipya, unaomba nyingine, ndiyo maana kitabu changu cha A4 kina namba yake. Iombeni mapema, kwa sababu inaingia ndani ya kitabu na nyuma ya jalada, na jalada halikamiliki bila hiyo. Kitabu kikitoka, nakala zipelekwe Maktaba kama sheria inavyotaka. Mchapishaji ndiye anayezipeleka, na mchapishaji nimeshawaambia ni nani.

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Kusajili kazi COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, hakukupi haki mpya, kunakupa ushahidi wa kuonyesha mkigombana. Ila mjue sheria inalinda maneno na michoro yako, hailindi wazo. Mwenzangu akiandika kitabu chake cha kukata sketi kwa lugha yake na michoro yake, siwezi kumshtaki kwa sababu nami nilifundisha sketi. Shoga, na wewe huwezi kummiliki samaki wa kupaka.

Kitu kimoja cha vitendo: faili la mwisho la kuchapia lisizunguke WhatsApp. Mimi nililituma kwa shemeji "alione tu," na miezi minne baadaye mtu nisiyemjua alinitumia kitabu changu mwenyewe, akiniambia nikisome, kitanisaidia kazini.

Kwenye mashine

Wachapaji wa nakala nyingi hutumia karatasi kubwa inayokunjwa na kutoa kurasa 16. Kwa hiyo kitabu chenye kurasa 100 kitakwenda 112, na utalipia kurasa 12 tupu, au utapunguza maneno ufike 96. Ulizeni kabla ya kupanga. Ndani, karatasi ya gramu 80 inatosha, jalada gramu 250 au 300 lenye laminesheni, ule utando wa plastiki juu yake. Kurasa 112 za gramu 80 zinatoa mgongo wa kama milimita tano na nusu, basi msipigane na msanifu kuhusu jina kuwa kubwa mgongoni, halina pa kukaa.

Sisi mafundi tunaacha nafasi ya mshono. Wao wanaacha milimita 3 kuzunguka jalada kwa ajili ya kukata. Picha isipofika kwenye ile nafasi, kisu kikiyumba kidogo utaona mstari mweupe pembeni, na utauona kila siku ya maisha yako.

Msikubali mashine iendelee kabla hamjashika nakala moja nzima, iliyobanwa, iliyokatwa. Ifungueni kila ukurasa. Pale ndipo utaona maneno yaliyomezwa na gundi katikati. Mimi siku hizi naingia kiwandani na tepu shingoni, wananicheka, na sijali.

Ile shilingi ngapi yenu

Haya, swali lenu. Kadiri nakala zinavyoongezeka ndivyo bei ya moja inavyoshuka, kwa sababu gharama ya kuandaa mashine inagawanywa kwa nyingi. Hapo ndipo mtego ulipo. Utaambiwa nakala 1,000 ni nafuu, na kweli kwa moja moja ni nafuu. Jirani yangu alichukua 1,000 za kitabu cha mashairi. Mchwa wamesoma nyingi kuliko watu. Ombeni bei ya 100, 300 na 500, kwa maandishi, kutoka kwa wachapaji watatu, wote mkiwapa maelezo yale yale ya karatasi na jalada. La sivyo mtakuwa mnalinganisha kanga na kitenge.

Hesabu yangu ya mara ya kwanza ilikuwa hivi. Nakala 300 kwa 4,800 kila moja, jumla 1,440,000. Mhariri 250,000, kupanga kurasa na kusafisha michoro 300,000, jalada 100,000, jumla 650,000. Hiyo 650,000 nilikuwa naisahau kila nilipopiga hesabu, kwa kuwa nilishailipa zamani. Igaweni kwa 300, ni kama 2,167 kwa nakala. Kitabu kimoja basi kimenigharimu 6,967.

Nikakipangia bei ya 12,000, nikajiona nimetajirika. Duka la vitabu likataka asilimia 40. Nikabaki na 7,200. Toa 6,967. Faida yangu shilingi 233, nauli ya kupeleka bado. Andazi moja, na chai ujitegemee.

Kwa bei ya 15,000 na asilimia ile ile ingebaki 9,000, na faida ingekuwa 2,033. Wateja wasingeikataa 15,000, niliwauliza baadaye. Niliogopa tu kuitaja. Pigeni hesabu kuanzia mwisho: dukani wanachukua ngapi, usafiri ngapi, nakala za bure ngapi, ndipo mpange bei.

Nakala za bure nazo zina watu wake. "Nipe na mimi zawadi, si umeandika wewe?" Mimi nilitenga ishirini, nikaandika majina mapema. Mwenye jina lisilokuwapo namwambia karibu dukani, kwa tabasamu.

Wapi wanunuzi wako wapo tayari

Maduka ya vitabu hupokea kwa mali kauli: unaacha kumi, vikiuzwa unalipwa. Hakuna ubaya, ila pawe na daftari, tarehe, idadi, saini ya aliyepokea na namba yake ya simu. Duka moja lilibadilisha muuzaji, na huyo mpya akaapa hajawahi kuona kitabu changu, huku nakala mbili ziko nyuma ya kichwa chake. Tangu hapo napita kila mwisho wa mwezi, hata kama sina la kufuata.

Lakini vitabu vyangu vingi havikuuzwa na duka la vitabu. Vimeuzwa na muuza nyuzi na zipu pale sokoni. Fundi haendi duka la vitabu, anakwenda kununua uzi. Niliacha nakala tano juu ya kaunta karibu na boksi la vifungo, na Jumamosi mbili hazikupita akaniita nilete nyingine. Yeye anachukua 2,000 kwa nakala, wala hakunitajia asilimia. Kaka, wanaouza mizinga na mavazi ya kulina asali unawajua wewe. Shoga, fikiria wauza vyombo na viungo. Hao ndio maduka yenu ya vitabu.

Wa mikoani wanalipa kwa simu, nafunga kifurushi, nakipeleka stendi ya Msamvu kwenye basi, napiga picha stakabadhi na namba ya gari, natuma. Nauli ya mzigo ailipe mpokeaji, na mwambieni kabla hajalipa, maana ugomvi wa elfu tatu unaharibu jina kuliko kitabu kibovu.

Uzinduzi sikufanya. Nilipiga hesabu ya ukumbi, mshehereshaji na keki, nikaona ni sawa na nakala 120. Anayeweza afanye.

Mwalimu, wewe njia yako ni nyingine

Hao wawili wajichapishie, vitabu vyao vina wanunuzi wanaojulikana. Riwaya yako ningeipeleka kwanza kwa mchapishaji halisi, anayelipia yeye. Utasubiri. Mimi nilipeleka changu mahali, miezi minane bila jibu, na walipojibu wakasema hawachapi vitabu vya ufundi, jambo ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya vitabu vyao kama ningeisoma. Soma kwanza wanachochapa.

Wakikukubali, mkataba usisome ukurasa wa mwisho tu. Mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi huzungukia asilimia 10, lakini uliza ni 10 ya nini, bei ya dukani au fedha inayobaki baada ya duka kuchukua yake. Hizo ni fedha mbili tofauti kabisa. Uliza watakulipa mara ngapi kwa mwaka, nani ana haki ya tafsiri na ya kitabu cha mtandaoni, na kitabu kikiisha wasikichape tena, haki inarudi lini kwako. Na mtu akijiita mchapishaji halafu akakuomba wewe hela, huyo ni mchapaji aliyevaa tai. Unaweza kufanya naye kazi, ila kwa bei ya mchapaji.

Ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, na ile ya Safal-Cornell ambayo zamani iliitwa Mabati-Cornell, inayotolewa kwa kazi za Kiswahili. Tarehe za kupokea miswada hubadilika, zifuatilie mapema. Na kama unafikiria riwaya iingie shuleni, huko kuna mlango wa ithibati wa Taasisi ya Elimu Tanzania, nao una foleni yake, wewe unaijua kuliko mimi.

Kabla ya yote hayo lete mswada, nitakuwa yule mtu wa penseli. Sikudai wala hunidai, ukiacha ile suruali. Njoo Jumamosi baada ya saa tisa, kabla ya hapo nina sare za shule thelathini na mbili na umeme wa kuotea.